Kitambulisho Nilikipeleka

Mama Zuhura aliniuliza mbele ya watu, "Iko wapi karangamuntu ya mume wangu?" Nikatia mkono mfukoni. Sijui kwa nini nilitia, maana nilijua hakipo. Kile kitambulisho nilikuwa nimekwisha kukitoa, nimempa mtu mzima mwenye cheo, mkononi mwake, mchana kweupe. Lakini mikono yangu ina tabia zake. Mkono uliingia mfuko wa kulia, ukaingia wa kushoto, ukatoka na kifungo cha shati na kipande cha uzi. Watu waliokaa mikekani wakakitazama kile kifungo. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Si ndiyo huyo Kisahau."

Mama Zuhura hakulia. Alisema, "Mtu aliyetoka kule askari walikomweka amenieleza yote. Siku tatu walimwuliza karangamuntu iko wapi. Siku tatu aliwajibu: Idi ataleta. Idi husahau, lakini hukumbuka. Siku ya nne hakuulizwa tena." Kisha akanigeuzia mgongo.

Ilikuwa Nyamirambo, hapa Kigali, mwisho wa Oktoba 1990, kwenye msiba usio na maiti. Mpaka leo hakuna kaburi.

Vijana wa kazini, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya dobi ilivyokuwa kabla ya mashine. Naandika. Shule niliishia darasa la nne, mtavumilia. Na mkiona naanza jambo nakimbilia lingine, mnanijua. Lakini hili la kitambulisho nitalifuata mpaka mwisho, hata kama nitaandika kwa mwezi mzima, na majina nitayataja.

Nilianza kazi mwanzo wa mwaka huo huo, nikiwa na miaka ishirini. Kabla ya hapo nilikuwa nimefukuzwa mahali pengi. Kwenye lori nilisahau kufunga mlango wa nyuma, tukapanda mlima tunamwaga viazi. Kwenye tanuri la mikate nilitoka nje kutazama watu wanaogombana, niliporudi mikate imekuwa mkaa. Kila tajiri alisema maneno yale yale: huyu mvivu, huyu ana dharau, huyu anavuta vitu. Sikuwa navuta chochote. Nilikuwa naamka asubuhi naapa, leo nitakuwa mtu kama watu, na kufikia saa nne kiapo nacho kimepotea.

Mzee Hamimu alikuwa na kibanda cha kufua na kupiga pasi karibu na soko. Mtu mrefu, mkavu, kazaliwa Bujumbura kwa baba Mnyarwanda, Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kizuri, na Kinyarwanda chake kilisikika kama cha mgeni. Kumbukeni hilo, maana lilikuja kumgharimu. Siku ya kwanza alinipa pasi ya mkaa na mashati manne. Nikapiga kola ya la kwanza, nikaona mkono wa la pili umejikunja, nikaushika, nikakumbuka maji ya kunyunyiza, nikaenda kuchota, njiani nikakuta jiko linataka kupepewa. Aliporudi kutoka kuswali alikuta mashati manne yote yamenyooshwa robo robo, na pasi imekaa juu ya suruali ya mwalimu.

Nilijua nimefukuzwa. Nikaanza kuvaa viatu.

"Unaenda wapi?"

"Naenda nyumbani, Mzee."

"Suruali imeungua au haijaungua?"

"Imeungua, Mzee."

"Basi kaa tuishone kiraka. Mtu aliyeunguza ndiye anayejua ilipoungua."

Akanitazama kwa muda, kama anavyotazama doa kabla ya kuamua ni la chai au la kutu. "Wewe si mvivu," akasema. "Mvivu hafanyi kazi nne. Wewe umefanya nne, hukumaliza hata moja. Macho yako iko na njaa sana. Tutayalisha kidogo kidogo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo, wala sikuambiwa tena mpaka nimeota mvi.

Alinifundisha hivi, na hata ninyi wa mashine mnaweza kuchukua kitu. Kapu la nguo ambazo hazijapigwa pasi aliliweka nyuma yangu, kalifunika na gunia, ili jicho lisiende. Mezani lilikaa shati moja tu. Pasi ilikatazwa kugusa meza. Ilikaa juu ya kopo la maziwa lililogeuzwa, na pasi ikiwa juu ya kopo ndipo nilipoweza kugeuza kichwa. Kila shati nililipiga kwa kusema kwa sauti: kola, mabega, mikono, mbele, nyuma. Wateja walinicheka. "Dobi anasoma dua!" Mzee akawajibu, "Kola yako imekaa au haijakaa?" Imekaa. "Basi itikia amina uende."

Na tulikuwa na kopo la mifukoni. Dobi wa zamani hafui nguo kabla ya kuikagua mifuko. Utakuta barua, dawa, picha ya mwanamke asiye mke. Vyote viliingia kwenye kopo, kila kitu kimefungwa uzi wa rangi ile ile tuliyotia nguoni kama alama. Sheria ya Mzee: nguo haikunjwi kabla ya kutazama kopo. Unatazama kopo, unarudisha kitu mfukoni, ndipo unakunja. Sheria hiyo aliitunga kwa ajili yangu. Miezi tisa sikuivunja. Nasema miezi tisa kwa mtu ambaye hakuwahi kumaliza wiki mbili mahali.

Makosa mengine nilifanya. Kubwa lilikuwa la Anastazi Sebiziga. Huyu alikuwa mkubwa wa selire yetu, yaani mtaa wetu, mtu wa chama, mwenye kitabu cha majina ya mtaa mzima na kalamu mbili mfukoni. Alileta koti jipya la kuvaa kwenye mkutano. Siku hiyo kulikuwa na pikipiki imeanguka mbele ya kibanda, kila mtu anapiga kelele, na mimi nikageuza kichwa pasi ikiwa mkononi. Likabaki umbo la pasi mgongoni mwa koti, limechorwa vizuri kabisa, hata ncha inaonekana.

Anastazi alikuja akanishika shati kifuani. "We Kisahau, leo nakuvunja huo mkono."

Mzee Hamimu akaweka mkono wake juu ya mkono wa Anastazi, polepole. "Bwana mkubwa, koti ni langu kulipa. Mtu huyu ni wa kwangu. Hapigwi mtu hapa kwangu."

"Wewe Mrundi unanifundisha?"

"Sikufundishi. Nakuomba utoe mkono."

Watu walikuwa wamesimama, wanatazama. Anastazi alitoa mkono. Koti lililipwa. Lakini tangu siku hiyo akipita hakusalimia, alitutazama tu, na mimi nilidhani ni basi. Nilikuwa na miaka ishirini, nilidhani mambo yaliyonitoka kichwani yamewatoka na wenzangu.

Oktoba vita vikaanza kule kaskazini. Siku chache baadaye mji ukapigwa risasi usiku kucha, na asubuhi yake askari wakaanza kukamata watu. Walisema wanatafuta ibyitso, yaani washirika wa adui. Redio ilisema wamejaa mjini. Ukiwa na neno lile baya mahali pa kabila kwenye karangamuntu ulikuwa na shida. Ukiwa huna karangamuntu kabisa ulikuwa na shida kubwa zaidi, maana walisema umevuka mpaka jana. Mimi neno lile nilikuwa nalo. Mzee alikuwa nalo. Mama Zuhura, mkewe, hakuwa nalo.

Siku ya pili ya kukamatwa kwa watu Mzee alivua koti lake, akasema, "Idi, lipitishe pasi. Wameniita ofisini kwa Anastazi kuandikisha wanaofanya kazi kibandani. Sitaki niende kama mtu aliyelala vichakani." Nikakagua mfuko kama kawaida. Nikatoa karangamuntu yake, nikaifunga uzi mweusi, nikaitia koponi. Nikapiga pasi lile koti vizuri sana. Nilikuwa bado kwenye mikono pale lori la askari liliposimama barabarani, wanashusha watu, mwanamke mmoja analia kitoto. Mzee akasema, "Nipe hivyo hivyo, nimechelewa." Nikampa. Sikutazama kopo.

Hilo ni langu. Sijawahi kulikana. Nililisema msibani, nililisema kila mahali: mimi ndiye niliyemtoa Mzee Hamimu nje bila kitambulisho. Andikeni kwa wino mnaoutaka.

Hakufika ofisini. Walimsimamisha njiani, wakamwuliza karangamuntu, akapapasa koti, akajibu kwa Kinyarwanda chake cha Bujumbura, wakampandisha lori. Vestine, mama aliyeuza sambusa kando yetu, alikuja mbio. "Idi! Mzee wamembeba! Wanasema ni mgeni, hana karatasi!"

Hapo kichwa changu, ambacho kila mtu anakijua, kilinyooka kama uzi. Huwa kinafanya hivyo mara moja moja. Niliona kopo kabla sijaligeukia. Nikachukua karangamuntu, nikaanza kukimbia, Vestine nyuma yangu na beseni lake la sambusa kichwani, kwa sababu aliogopa kuliacha. Watu walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja wa mpira. Getini askari hawakuruhusu mtu. Waliingia wenye vyeo tu, wakubwa wa mitaa, waje kusema huyu ni wetu, huyu si wetu. Na mkubwa wa mtaa wetu alikuwa amesimama pale pale, na kitabu chake.

Nikamwambia, "Bwana Anastazi, hii ni ya Mzee Hamimu. Waambie ni wa hapa. Unamjua miaka yote."

Akaitazama. Akaufungua uzi mweusi, akautupa chini. Alisoma jina, akasoma na lile neno, akaitia mfuko wa kifuani nyuma ya kalamu zake.

"Nitampa mkononi," akasema. "Wewe nenda nyumbani kabla hawajakuuliza yako."

"Utampa leo?"

"We Kisahau, leo ndiyo umejifunza kukumbuka? Nenda!"

Nikaenda. Vestine aliona, aliona na kusikia. Nilirudi kibandani, nikamaliza mashati yote yaliyokuwa kapuni, moja moja, na nilikuwa na furaha. Hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko kuunguza koti. Nilikuwa na furaha kwamba safari hii nimewahi. Siku tatu nilikaa kwa raha, nikimngoja Mzee arudi anisifu. Sikwenda tena getini kuuliza. Mtu mwingine angeuliza.

Siku ya nne, mmesikia mke wake alivyosema.

Nilipomwambia Mama Zuhura kwamba nilimpa Anastazi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Anastazi. Akaja na kofia mkononi, mpole. "Mama, mimi ningefurahi ningeletewa. Ningemtoa siku ile ile, jirani yangu. Lakini huyu…" Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! "Tumuhurumie. Pengine anaamini kweli. Si ndiye aliyeuliza juzi viatu vyake viko wapi, na amevivaa?" Ilikuwa kweli. Niliuliza. Mtaa mzima ulikuwa umecheka.

Nikamfuata Vestine. "Dada, nenda umwambie tu ulichokiona."

Akaendelea kukanda unga. "Idi, mimi nina watoto wanne na kitabu cha majina anacho yeye. Ngoja vita viishe nitasema. Naapa, nitasema."

Kibanda hakikufika Krismasi. Anastazi alisema mwenye nacho alikuwa adui, akamweka humo shemeji yake, aliyekuwa hajui hata kutia mkaa kwenye pasi. Mimi nikawa napiga pasi nyumba kwa nyumba, na mbinu za Mzee kichwani. Mwaka 1991, 92, 93, kila nikikutana na Vestine nilimwuliza bado? Naye alinijibu, bado. Kuna siku aliongeza, "Unajua kila kitu unasahau, hiki tu ndiyo umekishika?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa sambusa mbili, akageuka.

Wakati mwingine mimi mwenyewe nilijitilia shaka. Lazima niseme. Mtu akiambiwa na mtaa mzima kwamba hakufanya, na mtu huyo ndiye yule aliyeweka chumvi kwenye wanga, huanza kuuliza: nilikimbia kweli? Au nilikimbia kichwani tu? Hivyo vyote vilipita. Kinachobaki ni uzi mweusi kwenye vumbi pale getini. Mtu habuni uzi.

Aprili 1994 bariyeri ya mtaa wetu, kizuizi cha barabarani, ilisimamiwa na Anastazi Sebiziga. Alikaa kwenye kiti cha ofisi, anapokea karangamuntu za watu moja moja, anazisoma. Mwaka 1990 moja tu ilimshinda kuifikisha hatua hamsini. Sasa alikuwa na mafungu kwenye boksi la sabuni, na wenyewe wamelala mtaroni. Vestine alikuwa miongoni mwao, na watoto watatu. Kwake vita havikuisha.

Mimi nilikuwa darini kwa Mama Zuhura. Ndiyo, yeye. Aliniona najificha nyuma ya choo chake, akaleta ngazi. "Panda. Nakuficha kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili yako. Usitikisike." Alileta uji mara moja kwa siku. Alilivuta kopo chini likiwa tupu, hakuuliza umelalaje.

Usitikisike! Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti muda wa kunywa chai. Chini walipita na mapanga, wakaingia mara mbili, wakakaa wakaomba maji, na mguu wangu unataka kutetemeka wenyewe. Niliuma kitambaa. Nikapiga pasi kichwani. Kola, mabega, mikono, mbele, nyuma. Likiisha, nalitundika, nachukua jingine. Nilipiga pasi mashati ya Kigali nzima, na ya waliokufa. Wiki kadhaa. Ndiyo maana nasema Mzee Hamimu aliniokoa hata baada ya kufa, na mkewe aliniokoa bila kunisamehe. Nilipotoka nje magoti yalikuwa hayakunjuki. Akanishika kwapani mpaka barabarani, akasema, "Sasa nenda," akarudi ndani.

Ya baadaye mnayajua, tulikuwa pamoja: mashine za Nyarutarama, mashuka ya mahoteli, mvuke. Sina cha kuongeza, ila msitupe makopo, yanafaa kuliko mnavyofikiri. Tulipoketi majanini kusikiliza kesi za mauaji ya mtaa wetu, nilisimama nikasema ya 1990. Wakauliza, shahidi? Nikataja Vestine. Wakauliza, mwingine? Sikuwa naye, wakaandika kwamba sina, na hawakukosea. Anastazi alikubali mambo mengi ya bariyeri siku hiyo, alilia. Lakini la karangamuntu alilikataa. Akatabasamu kidogo, "Jamani, Idi Kisahau," na wengine waliofiwa kama mimi wakatabasamu naye.

Alifungwa, akamaliza, akatoka. Yuko Masaka, hapa pembeni ya Kigali, ana shamba dogo la migomba, anapanda pikipiki ya abiria kwenda kanisani.

Mwaka jana binti yangu alinipeleka kwa daktari wa mambo ya akili. Daktari msichana mdogo, aliniuliza maswali saa nzima. Unapoteza vitu? Unaanza kazi unaacha? Mguu unatulia? Uliitwaje utotoni? Nikacheka mpaka nikalia. Akasema ni ugonjwa, una jina la herufi, ADHD, watu huzaliwa nao na kuzeeka nao, si uvivu wala dharau. Alisema kichwa changu si kibovu, hakichagui tu, kila sauti inayoingia kinaipa kiti. Nikamwambia kulikuwa na mtu alilijua hilo mwaka 1990 bila shule. Alitaka kuonana naye.

Nilidhani hilo jina litanisaidia. Miezi miwili haikupita, kwenye arusi ya jirani, nikamsikia Anastazi anaongea na wazee wenzake: "Si mmesikia? Hata daktari ameandika. Kichwa chake hakishiki kitu. Miaka yote mtu mgonjwa ananichafulia jina." Na wazee wakatikisa vichwa, aa, kumbe, pole yake. Nililipia matibabu ili apate ushahidi.

Mama Zuhura bado yu hai. Macho yameisha, masikio bado. Nikienda kumsalimia anajua ni mimi kwa hatua zangu, ananiambia kaa, tunakaa. Daktari wake amesema moyo hauna siku nyingi. Anaamini mumewe alingoja siku tatu mtu asiyekuja. Atakufa akiamini hivyo, na Mzee mwenyewe alikufa akiamini hivyo, au alikufa akijua kwamba nimeleta na mtu mmoja amekaa nayo mfukoni. Sijui lipi ni baya zaidi.

Anastazi Sebiziga wa Masaka. Umekwisha kulia mbele ya watu kwa uliyoyafanya na panga. Ulilia kwa sababu yalikuwa na mashahidi. Hili halina shahidi ila mimi, na mimi umenifanya kichaa. Sitaki msamaha wako, na jela umeshamaliza, sina pa kukurudisha. Panda pikipiki uje Nyamirambo, mlango unaujua. Kaa mbele ya yule mama asiyeona, umwambie kwa mdomo wako: Idi alileta. Alileta siku ile ile, kabla ya adhuhuri. Kisha mweleze ulitoka pale getini ukaiweka wapi, na ulipokwenda nyumbani jioni ukakuta iko bado nyuma ya kalamu zako, ulifanya nini nayo, na siku ya pili, na siku ya tatu.